Feni ya Jikoni Inapogoma

Feni ya kufyonza moshi jikoni ni mota ndogo iliyopangiwa mahali pabaya. Pangaboi la sebuleni huzunguka katika hewa safi. Feni hii hukaa juu ya sufuria, ikivuta mvuke, masizi na chembe za mafuta saa zote za kupika, na inachokivuta hupita kwenye mwili wake. Ndiyo maana ikigoma, mshukiwa wa kwanza ni mafuta yaliyoganda, kisha umeme. Mafundi wengi huanzia mwisho: hufungua, huona mota nyeusi, husema imeungua, na mwenye nyumba hununua nyingine. Weusi ule mara nyingi ni masizi yaliyoshikamana na mafuta, na mota iliyo chini yake ni nzima.

Zipo za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya ukutani au dirishani, yenye mapanga yanayosukuma hewa moja kwa moja nje. Ya pili huning'inia juu ya jiko kama mwavuli wa bati, ina machujio ya alumini chini yake, na ndani yake gurudumu lenye vibao vingi vyembamba husukuma hewa kwenye bomba. Zote mbili huchunguzwa kwa kusikilizwa kabla ya kufunguliwa, kwa kuwa feni iliyo kimya, feni inayonguruma bila kuzunguka, feni inayosuasua na feni inayozunguka ilhali moshi umebaki jikoni zina magonjwa tofauti.

Kabla ya bisibisi kushikwa, umeme hukatwa kwenye sakiti breka. Swichi ya ukutani haitoshi. Hukata waya mmoja tu, na katika nyumba zilizofungwa nyaya kwa haraka waya huo huweza kuwa nyutro. Hapo feni husimama swichi inapozimwa, lakini waya wa moto umebaki hai ndani ya mota, ukingoja mkono. Jiko la gesi lina sharti jingine la ziada. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutulia sakafuni, mbali na feni iliyo karibu na dari. Kuwasha feni ili itoe harufu hakusaidii, na cheche ya swichi yatosha kuilipua gesi hiyo. Penye harufu ya gesi swichi haiguswi, iwe kwa kuwasha au kuzima: mtungi hufungwa, milango na madirisha hufunguliwa, na habari ya feni husubiri.

Feni iliyo kimya kabisa haipati umeme, au njia ya umeme imekatika ndani yake. Kwenye feni ya mwavuli, taa ndiyo shahidi wa kwanza. Taa ikiwaka na mota isisikike, umeme umefika ndani, na kasoro iko kwenye vitufe, kwenye bodi ya kuongozea au kwenye mota. Taa na mota zikifa pamoja, uchunguzi hurudi ukutani: breka, swichi, soketi, na plagi. Plagi ya pini tatu bapa, ambayo imeenea Kenya, Uganda na Tanzania, ina fyuzi ndani yake, na watu husahau kuitazama. Feni ya wati 50 kwenye volti 230 huvuta ampea 0.22 hivi. Fyuzi ya ampea 13, ambayo ndiyo hukutwa katika plagi nyingi, ni kubwa karibu mara sitini kuliko mkondo huo. Mota inaweza kuungua taratibu na fyuzi isihisi kitu. Inayofaa ni ya ampea 3. Ikikutwa imekatika, shoti hutafutwa kwanza, ndipo mpya iwekwe.

Testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ya neoni kwenye mpini, haikosekani mfukoni mwa fundi umeme yeyote, na katika kazi hii ndiyo inayopotosha zaidi. Testa husema kama waya una umeme ukilinganishwa na ardhi. Haisemi kama mzunguko umekamilika. Nyutro ikiwa imekatika mahali fulani kabla ya feni, umeme huingia kwa waya wa moto, hupita ndani ya koili na kutokea upande wa pili ukiwa hauna pa kwenda. Testa huwaka kwenye nyaya zote mbili. Asiyelijua hilo huona umeme umejaa tele na mota imekufa, kumbe mota ni nzima na nyutro ndiyo iliyochomoka kwenye konekta. Mita inayopima volti kati ya waya wa moto na nyutro humaliza ubishi. Ikisoma 220 au 230, umeme umefika kweli. Ikisoma sifuri au tarakimu inayoyumba, kasoro iko kabla ya feni.

Katika miji ya pwani, Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, konekta hiyo hutazamwa mapema. Hewa ya chumvi ikichanganyika na mvuke wa jikoni huotesha kutu ya kijani kwenye shaba. Mguso uliolegea hupata joto, joto huharakisha kutu, na mwishowe plastiki hugeuka rangi ya kahawia na mkondo hukatika. Sehemu ya waya iliyooza hukatwa, waya huchunwa upya na kufungwa kwenye konekta mpya. Kukwangua ile ya zamani hakudumu.

Umeme ukiwa umethibitika kufika na mota bado iko kimya, koili hupimwa kwa omu, umeme ukiwa umekatwa na kapasita imechomolewa. Mota yenye kapasita ina koili mbili, kuu na saidizi. Mwanzo wa zote mbili huungana kwenye waya mmoja wa pamoja, na kila koili ina mwisho wake, hivyo nyaya zinazotoka ni tatu. Feni yenye kasi kadhaa huongeza nyingine. Koili kuu ikiwa, kwa mfano, na omu 150 na saidizi omu 190, mita husoma 150 na 190 kutoka kwenye waya wa pamoja, na 340 kati ya miisho miwili, yaani jumla yake. Vipimo hivi vitatu hueleza mengi kuliko kuikodolea mota macho. Mita ikisoma 340 kati ya miisho, na isisome chochote kutoka waya wa pamoja kwenda upande wowote, basi koili zote mbili ni nzima. Kilichokatika kiko kwenye waya wa pamoja, na hapo ndipo watengenezaji huweka fyuzi ya joto.

Fyuzi ya joto ni kidude kidogo kilichofichwa chini ya utepe wa koili, kikigusana nayo. Huandikwa nyuzi joto zake, kwa mfano 115, 130 au 145, na zikifikiwa hukatika mara moja bila kurudi. Hubadilishwa kwa nyingine ya nyuzi zile zile. Ikiunganishwa kwa risasi, mguu wake hubanwa kwa koleo ili joto la kuchomelea liishie kwenye koleo. Vinginevyo fyuzi mpya hukatika mikononi mwa fundi. Kuiruka kwa kipande cha waya ni kosa lisilo na utetezi. Feni itazunguka, na siku itakapokwama hakutakuwa na kitu cha kuizuia isiwake moto chini ya mafuta iliyoyakusanya kwa miaka.

Lakini kubadilisha fyuzi hiyo si mwisho wa kazi. Ilikatika kwa kuwa mota ilipata moto, na mota hupata moto inaposhindwa kuzunguka. Fundi anayeweka fyuzi mpya bila kuuliza kwa nini ya kwanza ilikatika atarudi kwenye nyumba hiyo hiyo baada ya muda mfupi. Shafti huzungushwa kwa vidole: ikiwa nzito, au ikisimama papo hapo inapoachwa, chanzo kimepatikana. Baadhi ya mota zina kikatio cha joto kinachojirudisha chenyewe. Hizo huonyesha dalili inayochanganya watu, feni kufanya kazi robo saa, kufa, kisha kufufuka ikishapoa. Ugonjwa ni ule ule.

Feni inayonguruma bila kuzunguka ndiyo yenye mafunzo mengi, na ndiyo inayotupwa ovyo kuliko zote. Umeme wa nyumbani ni wa fezi moja. Sumaku inayozaliwa na koili moja ya fezi moja haizunguki; hukua na kufifia mahali pamoja, ikibadili upande mara kwa mara, kama mtu anayeusukuma mlango na kuuvuta. Rota iliyosimama haina sababu ya kwenda kulia wala kushoto, hivyo hutetemeka na kunguruma. Ili ianze, inahitaji sumaku ya pili inayotangulia kidogo mbele ya ile ya kwanza. Kazi hiyo hufanywa na koili saidizi ikishirikiana na kapasita, ambayo husogeza mkondo wake usiende pamoja na ule wa koili kuu. Sumaku mbili zinazopishana hivyo huwa kama mikono miwili inayozungusha jiwe la kusagia.

Kapasita ikifa, mkono mmoja umetoka. Jaribio lake ni rahisi. Feni ikiwa inanguruma, panga husukumwa kidogo kwa kijiti kikavu cha mti, kamwe si kwa kidole. Ikishika kasi kuelekea upande wowote iliosukumiwa, koili kuu ni nzima na shafti ni nyepesi. Kilichokufa ni upande wa kapasita au koili saidizi. Isipochukua kasi hata ikisukumwa, shafti imekwama au koili kuu ina hitilafu. Jaribio hufanywa kwa sekunde chache tu, kwa kuwa mota iliyosimama ndani ya umeme huchemka haraka.

Kuna feni ambazo kapasita haiwezi kushukiwa kwa jaribio hilo, kwa sababu hazina. Nyingi za ukutani zilizo ndogo, zile za inchi 6 au 8, zina mota yenye pete nene za shaba zilizozungushiwa pembe za chuma chake. Pete hizo huichelewesha sumaku ya upande mmoja na kuipa rota mwelekeo mmoja usiobadilika. Ni mota rahisi na ya kudumu, ila nguvu yake ya kuanzia ni kidogo mno. Ikinguruma bila kuzunguka, karibu kila mara ni shafti iliyokamatwa na utando wa mafuta, na dawa yake ni usafi na mafuta mapya. Kuitafutia mota ya namna hii kapasita ni kupoteza siku.

Kapasita za feni nyingi ni vijisanduku vyeusi au vyeupe vya mikrofaradi chache, vya volti 400 au 450. Ndani yake mna karatasi nyembamba ya plastiki iliyopakwa utando wa chuma. Msukosuko wa umeme ukiitoboa plastiki, chuma kilicho pembeni ya tundu huvukizwa na jeraha hujifunga lenyewe. Kwa hiyo kapasita huwa haifi ghafla. Kila jeraha huipunguzia uwezo kidogo, na joto la jikoni huharakisha. Iliyoandikwa mikrofaradi 4 kwa tofauti ya asilimia 5 inapaswa kusoma kati ya 3.8 na 4.2. Ikisoma 2.5, feni itaanza kwa kusuasua, au itaanza asubuhi na kugoma jioni volti zinaposhuka. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, na volti sawa au zaidi. Kuweka kubwa ili feni ipate nguvu huilazimisha koili saidizi kubeba mkondo isioumbiwa, nayo huungua. Kabla ya kuishika ya zamani, miguu yake miwili huunganishwa kupitia kizuizi au taa ndogo ili chaji iliyobaki itoke.

Shafti nzito inahitaji subira. Mota nyingi za feni hizi hukaa kwenye bushi za shaba nyeusi yenye vinyweleo, zilizoloweshwa mafuta kiwandani na kuzungukwa na kipande cha nguo nzito kinachoyahifadhi. Mvuke wa kukaangia ukiingia humo hugeuka gundi. Mapanga hutolewa, mota hufunguliwa, shafti hufutwa hadi ing'ae, bushi husafishwa, kisha matone machache ya mafuta ya cherehani hutiwa kwenye kile kipande cha nguo. Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyoleta ugonjwa; kuyatia tena ni kuuongeza, kwa kuwa yakipata joto na hewa hushikana kama vanishi. Dawa za kupulizia za kulegeza kutu nazo hulainisha kwa siku chache huku zikiosha mafuta ya asili yaliyomo kwenye vinyweleo. Mota za beringi huvuma au kukwaruza zikichakaa. Hizo hazipakwi, hubadilishwa, na namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi ndiyo inayopelekwa dukani. Petroli haifai kuoshea chochote hapa: mvuke wake hubaki ndani ya boksi la feni, na swichi iko karibu.

Wakati mwingine feni inasuasua na haina kosa. Nguvu ya kuzungusha ya mota hizi hupungua kwa mraba wa volti. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, kinachobaki si asilimia 78 ya nguvu bali 61 hivi. Feni iliyokuwa ikivumilia mafuta kidogo kwenye bushi hushindwa saa za jioni, mtaa mzima unapopika na kuwasha taa, na asubuhi fundi akija anaikuta inazunguka vizuri. Kwa hiyo volti hupimwa saa ile feni inapogoma.

Vitufe na bodi za feni za mwavuli hazihitaji maneno mengi. Kasi moja ikifa na nyingine zikafanya kazi, mota ni nzima kwa sehemu kubwa. Kitufe au tawi la koili la kasi hiyo ndilo lenye kasoro. Kasi zote zikifa pamoja, hutazamwa kinachozihudumia zote: nyutro, waya wa pamoja, fyuzi ya joto. Vioo vya kugusa huchanganyikiwa na unyevu na mafuta. Hufutwa, umeme hukatwa dakika chache, kisha hujaribiwa tena. Feni iliyokufa mara tu umeme uliporudi baada ya kukatika hufunguliwa bodi na kutafutwa fyuzi ndogo ya kioo, na kando yake kile kisahani kinachomeza msukosuko wa volti, ambacho mara nyingi hukutwa kimepasuka na kuacha alama nyeusi.

Koili iliyoungua kweli haijifichi. Harufu yake ni kali na haitoki, vanishi hugeuka makaa, na omu zake huwa chini mno au hazipo. Inayorusha breka hupimwa kati ya koili na mwili wa chuma kwa kipimo cha volti 500; kikisoma chini ya megaomu 1, feni hairudishwi ukutani. Kusuka upya mota ya feni kubwa ya mwavuli kuna maana kwa fundi mzuri. Mota ndogo ya pete za shaba haistahili gharama hiyo, na kumweleza mwenye nyumba hivyo ni uaminifu.

Kisha kuna feni inayozunguka kwa kelele zake zote na moshi haupungui. Karatasi laini ya chooni huwekwa kwenye chujio: isipong'ang'ania, hewa haipiti. Kabla ya kufungua chochote, mlango wa jikoni hufunguliwa. Karatasi ikishika hapo hapo, feni haina ugonjwa, ilikosa hewa ya kuingia kuchukua nafasi ya inayotoka. Mlango usipobadili kitu, machujio huchunguzwa. Ya alumini huoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Soda kali ya kuzibulia mabomba huila alumini. Ya mkaa, yaliyomo katika feni zinazorudisha hewa ndani, hayaoshwi, hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Vibao vya nje vinavyofunguka kwa upepo wa feni hugandishwa na mafuta vikabaki vimefungwa, na ndege hupenda kujenga nyuma yake. Bomba nalo hutazamwa: aliyeunganisha bomba la milimita 100 kwenye tundu la milimita 150 ameacha chini ya nusu ya njia.

Upepo wa nje nao una neno. Feni ya mapanga ya ukutani haina nguvu kubwa ya kushindana na mgandamizo. Upepo wa mita 8 kwa sekunde ukiupiga ukuta hutoa paskali 38 hivi, kiasi ambacho feni nyingi ndogo hukishinda kwa shida au hazikishindi. Jiko la pwani lililotobolewa ukuta wa kusini-mashariki litatoa moshi vizuri msimu wa kaskazi na kuurudisha ndani kusi inapovuma. Feni kama hiyo huhamishiwa ukuta mwingine, au hupewa kinga ya bati nje inayougeuza upepo. Mota mpya haitabadili kitu.

Wakati wa kurudishia, makosa mawili huzaa malalamiko mapya. Nyaya za koili kuu na saidizi zikibadilishana kwenye kapasita, mota huzunguka kinyume. Feni ya mapanga hapo itapuliza moshi ndani, na kila mtu ataona. Ya gurudumu huendelea kupeleka hewa upande ule ule lakini kwa udhaifu, na kosa linaweza kukaa miezi bila kugunduliwa. Mshale uliochongwa kwenye boksi ndio wa kufuata. Kosa la pili ni mapanga kuvalishwa kinyumenyume kwenye shafti. Waya wa ethi hurudishwa kwenye skrubu yake hata kama ulikutwa umening'inia. Feni huwashwa kwa kasi ya chini, kisha ya juu, na huachwa nusu saa. Mwishoni umeme hukatwa na mwili wa mota huguswa: joto ambalo mkono unalivumilia ni la kawaida, lisilovumilika humaanisha shafti bado nzito au kapasita si yake. Karatasi huwekwa tena kwenye chujio, mlango ukiwa wazi kidogo, na ikishika bila kushikiliwa feni inaweza kurudishiwa kifuniko chake.